Mama Katika Mlolongo Mfupi

Kisumu,
12 Machi 1988

Mpendwa Nasambu,

Salamu nyingi kutoka kwetu ziwani. Hujambo, na wazazi wako hapo Webuye hawajambo? Kikohozi cha baba yako kimepungua? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mvua haijaanza, na joto ni lile lile ulilosema huwezi kulivumilia hata wiki moja. Mama anakusalimu. Anasema ukija tena atakukaangia samaki wa ngege wa kutosha, asikuone ukila mkate mkavu kama mgonjwa.

Nilitaka kukuandikia mapema zaidi, lakini kila nikishika kalamu nilikuwa nainuka tena. Kuna jambo limetokea nyumbani kwetu, na mpaka sasa siamini kwamba lilitokea, ingawa nilikuwepo.

Unakumbuka mhadhiri wetu wa falsafa ya siasa alituachia insha kabla serikali haijakifunga chuo: mamlaka hutoka wapi? Mimi nilishikilia kwamba hutoka kwa watu, na kwamba siku watu wakiondoa mkono wao, mtawala hubaki mtu tu na kofia yake. Ulinicheka, ukaniambia niende nikamweleze askari hivyo. Nilirudi nyumbani nimeazimia kukushinda, na kufikia siku ya kura za mlolongo nilikuwa nimejaza kurasa nyingi.

Nadhani kwenu mambo yalikuwa vivyo hivyo. Hakuna karatasi, hakuna sanduku. Wakala wa kila mgombea anasimama uwanjani ameshika picha ya mtu wake, nanyi mnapanga foleni nyuma yake, kila mtu akiona mgongo wa nani uko wapi. Kwetu walikuwa wawili waliotaka udiwani. Mmoja ni Mjomba Joram, ndugu wa pekee wa mama, fundi katika gereji ya Bwana Kartar. Baba alipofariki, ni yeye aliyenisomesha. Wa pili ni Bwana Oketch wa Milimani, ambaye hata chifu wetu hakuficha kwamba ndiye anayetakiwa na wakubwa.

Mlolongo wa mjomba ulizunguka uwanja wa shule mpaka kwenye vyoo. Nilikuwa katikati yake, nimefurahi kama mjinga, kwa sababu niliona insha yangu imesimama juani kwa miguu yake. Nyuma ya picha ya Bwana Oketch walikuwa madereva wake, watumishi wake, na wazee wachache waliotazama chini. Watu wetu waliwatania, wakawauliza kama wamepanga foleni ya msiba na maiti yuko wapi.

Kisha mama akaja kutoka sokoni, bado amefunga leso yake ya kazi. Nikasogea nimpe nafasi mbele yangu. Akanipita. Akawapita na wengine wote, akavuka uwanja, akaenda kusimama nyuma ya picha ya Bwana Oketch.

Kwanza watu walidhani amekosea. Jentrix, anayeuza naye samaki, alimpigia kelele: "Mama Aoko! Wewe! Laini ya ndugu yako ni hii! Moshi ya samaki imekufunga macho?" Uwanja ukacheka. Mama hakugeuka. Kicheko kikafa, mtu mmoja mmoja. Mjomba alikuwa kando ya wakala wake. Nilimwona akivua kofia, akiivaa, akiivua tena.

Msimamizi alipita kati ya milolongo ile kama mtu aliyechelewa chakula, akatangaza kwamba Bwana Oketch ameshinda. Nilingoja uwanja ulipuke. Mtu mmoja aliuliza kama basi sisi wengine ni miti, wachache wakacheka, na watu wakaanza kujikung'uta vumbi na kwenda zao. Ungekuwepo ungenicheka tena. Lakini wakati ule sikufikiri kuhusu kura. Nilikuwa natazama leso ya mama.

Jioni nilimkabili. Aliendelea kuparua samaki, akanikumbusha kwamba ni chifu anayeandikia chuo kuhusu mwenendo wangu, na bila neno lake sirudi darasani. "Mjomba wako ana spana zake," alisema. "Wewe una nini?" Nilimuuliza kama chifu alimtisha. Akanijibu kwamba kuna mambo mtu mzima haulizwi na mtoto wake. Nikaelewa kwamba alitishwa.

Mjomba aliacha kukanyaga kwetu. Mama alimpelekea samaki gerejini, wakarudishwa wakiwa bado wamefungwa kwenye gazeti. Tulikuwa tunanong'ona humu ndani kama nyumba yenye mgonjwa.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kwa chifu kuripoti, kama tulivyoamriwa wanafunzi wote. Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Nilimkuta amechangamka. Aliniambia chuo kinafunguliwa, na kwamba aliandika mema kunihusu zamani, hata kabla ya siku ya mlolongo, kwa kuwa hana ugomvi nami. Nikamuuliza basi kwa nini alimwendea mama yangu. Nasambu, alishangaa, na haukuwa mshangao wa kuigiza. Alisema hajaongea na mama tangu mama alipomuuzia dagaa wa omena wakati wa Krismasi. Akaongeza, huku akicheka, kwamba hata yeye alipomwona kwenye ile laini alidhani ni ugomvi wao wa kifamilia.

Hakuna aliyemwamuru. Nilitoka pale nikatembea bila kujua naelekea wapi. Katika kurasa zangu zote nimeweka mahali pa anayeamuru na mahali pa anayetii au kukataa. Sikuweka mahali pa mama yangu, aliyeamka asubuhi akajiamuru mwenyewe, kwa sauti ya chifu ambaye bado alikuwa amelala kitandani kwake.

Nilimwambia. Nilidhani atalia, au atafurahi kwamba narudi. Aliniuliza tu, "Kabla ya siku ile?" Nikasema kabla. Mafuta yakaanza kuungua mbele yake, ikabidi mimi niondoe sufuria. Kisha akasema Joram asijue. Akijua kwamba hakuna aliyemlazimisha mama, basi mama hana ndugu tena.

Jumapili mjomba alikuja mwenyewe, bado amevaa suti ya kanisani. Alisimama mlangoni akasema Jentrix amemweleza yanayosemwa sokoni, na sasa anajua chifu alimtisha dada yake. Hana kinyongo, maana nani angekataa? Alitaka tu alisikie kutoka kinywani mwa mama. Mama alinitazama mimi kwanza. Kisha akasema ndiyo. Mjomba hakuridhika. Alinigeukia, akasema, "Wewe msomi wetu, hunidanganyi. Ni kweli?"

Nikamwambia ni kweli.

Alilia, Nasambu, mtu mzima yule. Kisha akavua koti, akala, akaomba samaki mwingine, na mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Siwezi kukuambia kwamba najuta, na hilo ndilo linanitisha.

Kwa sababu mjomba sasa anaisimulia habari hiyo kila mahali, gerejini na sokoni, akidhani anamwaibisha chifu. Jentrix, aliyezoea kumgombeza chifu mbele ya watu kuhusu mitaro, siku hizi akimwona anasimama. Jana nilikuwa sokoni chifu alipopita. Watu walimpisha njia, wengine wakamwamkia kwa mikono miwili. Alishangaa kidogo, akatazama nyuma yake kuona kama kuna mkubwa anayekuja. Hakukuwa na mtu. Basi akanyoosha koti lake, akapunguza mwendo.

Nisalimie wazazi wako, na dada yako Kageha mwambie nimeipata fulana yake kwenye sanduku langu. Ukinijibu, niandikie habari za kwenu tu, wala usigusie haya hata kidogo. Mama hupenda nimsomee barua zako kwa sauti.

Ni mimi rafiki yako akupendaye,
Aoko