Nitafutie Maneno Yasiyo na Kamba

Jumapili, 3 Juni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na mgongo umepunguza kukuuma. Sisi huku hatujambo. Mama goti linamsumbua asubuhi, lakini akishaanza kugombana na kuku linapona. Baba amenipa simu yake mpaka atakapomaliza kuoga, kwa hiyo naandika upesi, ingawa najua utanicheka kwamba naandika ujumbe wa simu kama barua ya kuomba kazi.

Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara nyingi. Kwamba mkataba wako wa kushona mashuka uliisha Machi na kampuni haitaki kukuachia. Kwamba pasipoti yako imefungiwa kabatini ofisini. Kwamba mkitoka kwenye cherehani mnaingizwa bwenini na mlango unafungwa kwa nje. Na Jumatano anakuja mkaguzi wa ofisi ya kazi, ambaye hamna lugha naye ila Kiingereza, na utapata nafasi ya kusema maneno machache tu. Uliniuliza: "Nisemeje ili aelewe kwamba hapa ni pabaya kweli kweli?"

Nimemwendea mwalimu wa Kiingereza bila kumwambia ni ya nini. Alidhani najiandaa kwa insha. Hutupa alama za juu tukitumia misemo, maana anasema sentensi kavu ni za watoto wadogo. Nimekuchagulia miwili. Wa kwanza, "It is hell on earth", yaani ni jehanamu hapa hapa duniani. Wa pili, "I am at the end of my rope", yaani umeishikilia kamba mpaka imekuishia mkononi, huna uvumilivu uliobaki. Huu wa pili ndio mzuri zaidi. Nilipoutamka mwalimu alitabasamu.

Mdogo wako


Jumapili, 10 Juni

Profesa wangu,

Marahaba. Mgongo upo, tumeshazoeana. Goti la Mama nalipa pole, na kuku nao nawapa pole.

Mkaguzi alikuja. Kijana wa watu, kavaa tai, jasho linamtiririka mpaka kwenye karatasi. Msimamizi alimtembeza mbiombio kama anayeonyesha nyumba ya kupanga yenye ufa. Alipofika kwangu nilisimama nikasema ule wa kwanza, wazi, kama ulivyoniandikia. Akaniangalia. Akaangalia bati juu yetu. Akasema, "Yes, yes, very hot," kwamba ni kweli, kuna joto sana, akaandika. Nikarudia. Akaweka mkono kifuani kunipa pole, akapita.

Kesho yake wakaleta feni mbili.

Basi jehanamu yetu sasa ina upepo. Wenzangu wananiita Mama Feni, wananishukuru, nami nacheka nao. Ila komeo likishuka kwa nje nasikia kama limeshukia kifua changu.

Wiki hii karani wa kampuni atapita kusikiliza shida zetu. Kiingereza chake ni cha kuokota kama changu. Nitampa ule wa kamba, labda hautamletea joto.

Matroni wa bweni anakusanya simu sasa hivi. Tunamwita Bibi Funguo. Hutugawia Jumapili mchana na kuzichukua kabla hujamaliza kusalimia.

Dada yako


Jumapili, 24 Juni

Dada mpendwa,

Shikamoo. Hujambo huko? Jumapili iliyopita nilikaa na simu mpaka Baba akauliza kama nimeinunua. Leo pia kimya. Mama anauliza kila saa, namwambia mtandao unasumbua. Ananijibu, "Mtandao gani huo unaosumbua watoto wangu tu?"

Je, ule wa kamba uliusema? Karani alielewa? Nijibu hata neno moja.

Mdogo wako


Jumapili, 8 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba, na nisamehe kwa kimya. Sikuwa na simu, na leo nimepewa kwa sababu Bibi Funguo amesimama hapa hapa akiniangalia ninavyoandika. Hajui Kiswahili. Namtabasamia.

Nilimwambia karani ule wa kamba. Akaacha kutafuna. Akaniuliza, "Rope? You?" huku akionyesha kamba, kisha mimi. Nikasema ndiyo, nikajua leo tumeelewana. Akatoka karibu anakimbia.

Walidhani nataka kujinyonga.

Kabla ya jioni walikuwa wamechukua kamba ya kuanikia nguo, mikanda yetu, hata tepu ya kupimia vitambaa. Dirisha la bweni wamelipigilia misumari. Mimi wamenihamishia kwenye stoo iliyo ubavuni mwa chumba cha Bibi Funguo, haina dirisha kabisa, na simu nilinyimwa ili "nipumzike". Wenzangu wamenuna kwa sababu nguo zao zinaanikwa kwenye cherehani. Jirani yangu wa mashine, dada mmoja mrefu wa nchi nyingine, alinipitia akaning'ong'oneza, "Mama Feni, next time, ask for food." Kwamba siku nyingine niombe chakula. Nilicheka mpaka nikashindwa kujua kama bado nacheka.

Sikiliza, usiogope. Sijawahi kutaka kufa hata siku moja. Nataka kuja nyumbani tu. Lakini nimegundua kwamba kila nikisema, chumba kinapungua.

Mkaguzi anarudi katikati ya mwezi. Nadhani ndiyo nafasi ya mwisho mwaka huu. Nitafutie maneno mengine, Profesa. Safari hii yasiwe na kamba, wala moto, wala kisu.

Dada yako


Jumatatu, 9 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Najua simu iko kwa Bibi Funguo, lakini natuma leo ili Jumapili ukipewa uikute.

Nililia, nisikufiche. Halafu nilinawa uso nikaenda ofisi ya walimu nikamweleza mwalimu wa Kiingereza kila kitu. Alikaa akizungusha chaki mezani. Nilidhani atanipa msemo mkubwa kuliko yote. Akaniuliza, "Dada yako anataka nini?"

Nikasema, "Mkaguzi aelewe kwamba anateseka."

"Hapana. Anataka nini?"

"Arudi nyumbani."

"Na nini kinamzuia?"

"Mlango. Na pasipoti."

"Basi sema mlango. Sema pasipoti."

Tukaandika ubaoni, tukafuta, tukaandika. Mimi nilitaka kuweka "very" mahali, na "terrible", yaani ya kutisha, lakini kila nilipoweka alifuta. Alisema mkaguzi hawezi kupima kutisha, ila anaweza kupima komeo. Haya ndiyo yaliyobaki:

"My contract finished in March." Mkataba wangu uliisha Machi.
"They keep my passport." Wanashikilia pasipoti yangu.
"They lock us in." Wanatufungia ndani.
"Please come and see the lock." Tafadhali njoo uone komeo.
"I want to go home." Hilo unalijua.

Hayana uzuri wowote, dada. Kwenye insha yangepata sifuri. Nimeyasoma kwa sauti chooni, jikoni na njiani, na nimeona hakuna mahali pa mtu kujificha asielewe. Usiongeze kitu.

Mdogo wako


Jumapili, 22 Julai

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mama ameacha kuuliza. Hilo linanitisha kuliko maswali. Uko wapi?

Mdogo wako


Alhamisi, 26 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Usishangae namba hii, ni simu ya mama mmoja wa ofisi ya kazi. Niko kwenye benchi lao.

Ujumbe wako niliukuta Jumapili ile, Bibi Funguo akachukua simu kabla sijajibu. Mkaguzi alikuja, tai ile ile. Niliyasema yote matano bila kupumua. Msimamizi akasema mimi ni mgonjwa, na komeo ni la kuzuia wezi. Kijana akamtazama, akauliza, "The thieves are inside?" Wezi wamo ndani? Akaomba aonyeshwe. Akalishika komeo, akalivuta, likalia. Yule dada mrefu akatoka nyuma yangu akasema naye mkataba wake umekwisha. Kisha mwingine, kisha mwingine, kila mmoja kwa Kiingereza chake kilichovunjika.

Walituondoa sisi tuliomaliza mikataba. Wengine bado wanashona, na bado wanafungiwa. Pasipoti hazijapatikana, kampuni inasema karani alisafiri na ufunguo wa kabati. Kwa hiyo usimwambie Mama kwamba narudi. Mwambie niko ofisini na nimekula.

Leo mama huyu ananiandikia maelezo. Yale ya mkataba na mlango nilimaliza upesi. Halafu akaniuliza ilikuwaje kuishi mle ndani. Nikatafuta. Nikakumbuka misemo yako yote nikaiogopa. Nikaanza kumwambia kwa Kiswahili, bila kukusudia, na katikati nikalia. Hakuelewa neno hata moja, lakini aliweka kalamu chini.

Anasema Jumatatu ataleta mtu anayejua lugha yetu. Nitaanza upya, na mbele ya huyo sitachagua maneno.

Dada yako