Friji Haikuwa na Ugonjwa

Alhamisi, Bwera. Mvua ya asubuhi imekatika, jua limetoka, na kelele za sokoni zinafika hadi hapa. Nimefunga duka mapema. Nimekaa sebuleni natazamana na friji, na najisikia vibaya kweli.

Niandike tu, labda nitapumua.

Miezi miwili iliyopita Tantine alivuka mpaka kutoka upande wa Butembo, Kongo, na begi moja na sufuria yake. Ni mama mdogo wa mume wangu. Kwao hapakaliki tena, hivyo tukampa chumba cha stoo. Friji iliyokuwa humo tukaihamishia sebuleni, tukaibana ukutani nyuma ya kochi.

Wiki hiyohiyo friji ikaanza kuongea. Inagonga, ta! Inanguruma. Kisha nasikia maji yanachemka ndani yake wakati hakuna maji. Mara kitu kinapasuka, kra! Nikifungua sioni kilichovunjika. Ikitaka kunyamaza, inatikisika kwanza mpaka vikombe vilivyo juu yake vinalia.

Nikatafuta mkosaji, na sikwenda mbali. Siku moja nilikuwa nimemkuta Tantine akiingiza sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, ikiwa bado ya moto. Siku moja tu. Nilimwelekeza, akaacha. Lakini kichwani mwangu kesi ilikuwa imekwisha.

Basi nikawa naichomoa friji kila mchana ili ipumzike. Wengi huku tunafanya hivyo, tunaionea huruma mashine utasema ina mgongo unaouma. Jumamosi iliyopita nikasahau kuirudisha kwenye umeme. Jumapili nilipotoka misa, maziwa yalikuwa yamechacha na samaki wangu wa ziwani Hamukungu wananuka.

Niliuona waya sakafuni. Nikauchomeka, nikanyamaza.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo sijamwambia mtu yeyote.

Baadaye siku hiyo wakaja wamama watatu wa kanisa kumsalimia Tantine, wakakaa sebuleni. Nikatoka jikoni na yale maziwa mkononi, nikasema mbele yao: "Tantine, hii friji ilikuwa mzima. Imeharibika tangu wewe ulifika."

Aliangalia mikono yake. Wale wamama wakakumbuka ghafla kwamba wana safari. Jumatatu asubuhi Tantine akakunja vitenge vyake, akaenda kwa binamu yake kule Karambi, eti kusaidia kuvuna maharage. Mume wangu, anayefanya kazi Kasese mjini, alipopiga simu nikamwambia hivyohivyo. Maharage.

Leo ndipo fundi alipokuja kutoka Kasese. Hakufungua hata begi lake la vyuma. Alikaa kwenye kochi akasikiliza, mimi nimesimama kama mama aliyeleta mtoto zahanati. Kisha akaanza kunieleza, taratibu. Ule mlio wa ta! ni kifaa kinachowasha na kuzima mota. Yale maji yanayochemka ni gesi inatembea kwenye mabomba. Kra! ni plastiki inajivuta na kujikunja kwa baridi. Mtikisiko wa mwisho ni mota inasimama.

"Madam, hii kitu iko mzima kabisa," akasema. "Umeme ikiwa iko, na yenyewe inyamaze siku muzima, hapo ndiyo uniite. Zamani ilikuwa inakaa wapi?"

Stoo, nikasema. Nyuma ya mlango uliofungwa.

Akacheka. Akaisogeza kidogo kutoka ukutani, na nusu ya kelele ikaisha palepale. Zile sauti zilikuwepo tangu tuinunue. Tulipompa Tantine chumba ndipo tulipoanza kuzisikia. Na kuhusu kuichomoa, fundi alinitazama kwa huruma, akasema friji haichoki, kinachochoka ni chakula.

Alipoondoka nikampigia Tantine. Nilikuwa nimejipanga, maneno yote niko nayo. Akaniwahi.

"Mama Biira, mwana yangu, unisamehe," akasema. "Ile frigo yako ni mie niliiharibisha. Kwetu hatukukuwa na frigo, sikujua. Siku zote hizi niko naomba Mungu ikuponee."

Nilikuwa na nafasi. Nilikuwa na ukweli wote mdomoni, moto moto kutoka kwa fundi.

Nikasema, "Haina shida, Tantine. Imeshapona."

Akashukuru. Akanibariki mimi na watoto, simu ikakatika.

Nimemsamehe. Mimi, niliyeuona waya sakafuni, nimemsamehe yeye.

Tangu hapo sijaweza kuinuka hapa. Nina aibu. Mwanamke aliyeacha nyumba yake nzima anaiombea friji yangu, na mimi napokea baraka zake kana kwamba ni haki yangu.

Kesho asubuhi napanda boda hadi Karambi. Nitawapitia wale wamama watatu, nao wasikie ukweli. Na nikifika nitaongea mimi kwanza, hata kabla ya salamu, asije akapata nafasi ya kuniomba msamaha tena.