Siku Trakitopele Ilipokataa Kutembea

Shemeji yangu mpendwa, yaya Kitenge, kaka yetu mkubwa,

Mdogo wako Ngoya, mke wangu, amechoka na ukimya wangu. Ameniwekea karatasi na kalamu mezani, akatoka. Basi nakuandikia, ingawa hii ni wiki ya tatu tangu tukuzike, kwa sababu kuna jambo sikukuambia ulipokuwa unaweza kulisikia.

Unaikumbuka ile trakitopele ya njano, yenye koleo kubwa mbele na mkono wa kuchimbia nyuma? Mimi nilikuwa dereva wake, wewe fundi wake. Tulikuwa tunachimba mtaro wa bomba la maji kule Naviundu. Asubuhi mashine ilitembea vizuri, lakini mafuta yakishapata moto ililegea. Naweka gia ya mbele, injini inanguruma, magurudumu hayaendi. Gia ya nyuma, vilevile. Siku ya tatu ikakwama katikati ya barabara, na akina mama waliokuwa wakingojea maji wakanizunguka na ndoo zao, wakinicheka.

Chef wa karakana, mkubwa wetu wa kazi, hakucheka. "Citoyen, umeunguza embrayage na ule muguu wako muzito!" Akasema ataandika kwamba nimeharibu klachi, mali ya serikali, kwa kusudi. Unajua neno hilo lilikuwa na uzito gani miaka ile ya chama kimoja, tulipolazimika kuitana citoyen, yaani raia. Mtu angeweza kuitwa asubuhi, asirudi. Na Ngoya alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza.

Ukamwomba chef akupe nusu siku kabla ya kufungua sanduku la gia. Ukaniambia niwashe injini, tungoje ipate moto. Kisha ukachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya gia, ukakisogeza puani kama mama anayenusa mboga.

"Mafuta haina harufu ya kuungua," ukasema. "Madiski ya embrayage iko mazima. Lakini ona hii povu. Iko nakunywa upepo."

Ukalala chini ya mashine na kopo la grisi, ukapaka grisi nene pale bomba linalovuta mafuta linapoingia kwenye pampu, ili kuziba hewa. "Sasa tembeza!" Nikaweka gia, mashine ikaondoka mara moja. Nilipiga kelele za furaha. Nilipozima injini na kushuka, ulikuwa umeshafungua lile bomba, umeshika joint yake, ile pete ya mpira ya kuzibia, kiganjani.

Ilikuwa imelainika kama ugali wetu wa bukari. Ulikuwa umeikata mwenyewe wiki moja kabla, kutoka kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la lori, kwa kuwa stoo haikuwa na mpya. Mafuta ya moto yaliilainisha, hewa ikapata njia.

Tulikuwa wawili tu. Kipande kile kingeingia mfukoni mwako na hakuna ambaye angejua. Ukaniuliza, "Ngoya iko na miezi ngapi?"

"Saba."

Ukainuka, ukaelekea ofisini. Nilikusikia kupitia dirisha: "Citoyen chef, hii kosa njo yangu. Mi njo nilikata hii joint. Ule hana na kosa."

Kwa kukiri kosa, wakakuadhibu: wakakupeleka Mitwaba, mbali na nyumbani, kwenye magreda ya barabara, miaka miwili. Siku ya kuondoka nilikubebea sanduku hadi kwenye lori, tukaongea habari za mvua. Uliporudi ulikuwa umekonda, ukambeba mwanangu begani siku nzima, na hukutaja lolote.

Sasa sikia, yaya. Ulipokuwa unatembea kwenda ofisini, ningeweza kukufuata. Ningeweza kusimama kando yako na kusema kwamba stoo ilikuwa tupu, kwamba fundi afanye nini pasipo kifaa. Sikukufuata. Nilibaki kando ya mashine, nikimwomba Mungu usigeuke nyuma. Kila nilipokula mezani kwako jambo hilo lilinirudia, nawe ulizidi kuniongezea nyama.

Jana niliwaketisha watoto, nikawasimulia yote bila kuficha sehemu yangu. Yule wa kwanza, ambaye sasa naye ana watoto, akaniuliza, "Baba, ulimwambiaka asante?"

Nikamjibu hapana.

Asante, yaya. Asante sana. Pumzika.

Ni mimi,
mume wa mdogo wako