Waya Zote Nyeusi

3 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na mkono unazidi kupata nguvu baada ya kile kiharusi. Kaka anasema unakataa kufinya ule mpira wa mazoezi. Finya, baba. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo, na mgongo una sababu yake, utaiona hapa chini. Naandika badala ya kupiga simu kwa kuwa simu ni ya kaka, na mimi na wewe hatujawahi kugombana vizuri mbele ya watu.

Pikapu imezima tena. Safari hii haikuzimia uchochoroni, imezimia katikati ya lango la hospitali, nimebeba mashuka safi kutoka kwa dobi, na gari la wagonjwa linapiga honi nyuma yangu. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Nikafungua boneti, nikatoa kifuniko cha distributa, nikavisugua vijichuma vya platini kwa ubavu wa kiberiti kama ulivyonifundisha, nikapima nafasi kati yavyo kwa kipande cha boksi la kiberiti kama ulivyonifundisha, nikafunga. Kimya. Walinzi wawili wakanisaidia kuisukuma pembeni, na hapo ndipo mgongo ulipolalamika. Metroni akatoka amekunja mikono. Alisema mashuka yakichelewa tena, kazi atampa mwenye gari linalowaka. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

Baba, kazi hiyo ndiyo inayonilipia chumba. Ikienda, na mimi nakuja kukaa sebuleni kwa kaka, tuangalie televisheni ya wajukuu mimi na wewe mpaka tugeuke makochi.

Sasa sikiliza. Shoti, yule dada fundi umeme wa mtaa wa nyuma, amenionyesha kidude kidogo kinachokaa ndani ya distributa ileile, mahali pa platini. Hakuna vijichuma vya kugongana, hakuna kondensa, hakuna kusugua. Mhimili ukizunguka, chenyewe kinahisi, kinaiamrisha koili itoe moto. Mvua inyeshe isinyeshe. Nimeshakinunua. Tutakifunga Jumapili ya tarehe kumi na saba.

Sikuombi ruhusa. Nakupa habari, kwa sababu gari ni lako na adabu ninayo.

Mwanao

*

11 Machi

Binti yangu mkaidi,

Marahaba. Sisi huku wazima. Wajukuu wazima, mama yao mzima, televisheni nzima. Mkono uko palepale. Ule mpira nimempa mbwa wa jirani, anaufinya vizuri kuliko mimi. Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto, kwa hiyo usicheke.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilikuwa nimekaa.

Platini ni waungwana, mama. Zikitaka kuharibika zinakuaga. Gari linakohoa, mlimani linapanda kwa shida, mwenye masikio anajua. Unasimama kando ya barabara, unasugua, unafika. Hicho kidude hakikohoi. Kinakata roho ghafla, uko mbali na duka lolote, na huna cha kusugua. Hapo utamwita nani? Shoti? Yule nilimfundisha mimi kushika bisibisi, na mpaka leo anaishika kama kijiko.

Tena gari hilo linanijua. Waulize wote waliowahi kujaribu kuliwasha. Kaka yako alijaribu akaishia kulipiga teke, akaumia kidole. Nililifumua lote nikalisuka upya kwa mikono yangu miwili, na hakuna fundi aliyewahi kuingiza pua humo. Shida si platini, shida ni kwamba huna subira. Asiyesikia la mkuu, unajua kinachompata.

Jambo jingine. Kaka yako amepata mtu wa kulinunua. Anasema limekuwa chuma chakavu na wewe linakuzeesha. Sijamjibu. Kadi ya gari iko chini ya godoro langu. Usinilazimishe nimjibu.

Ukiigusa distributa yangu, usiniite baba tena.

Baba yako, mpaka Jumapili

*

19 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na wote hapo nyumbani hawajambo. Mgongo umepoa.

Nimegusa. Na bado nakuita baba, kwa sababu na hilo pia nakataa kukutii.

Tulifanyia kazi uani, mimi nimekaa juu ya ndoo, Shoti ameinama ndani ya boneti. Platini zako zilikuwa zimeungua nyuso zote mbili, hata kiberiti cha duka zima kisingezisaidia. Tukazitoa pamoja na kondensa, tukafunga kidude. Nikapiga stata. Likawaka kwa mguso mmoja, jirani akatoka kuangalia ni gari la nani. Nikaachia ufunguo, likazima. Nikarudia, hivyohivyo. Ukishikilia ufunguo linawaka, ukiachia linazima.

Shoti akaelewa upesi. Ukipiga stata umeme unakuja mzima kutoka kwenye betri. Ukiachia, unapitia kwanza kwenye kile kipande cha kauri kinachoupunguza. Platini zilihitaji kupunguziwa ili zisiungue, kidude hakihitaji, kinataka umeme mzima. Kwa hiyo tutafute waya inayotoka moja kwa moja kwenye swichi, tuipeleke kwenye kidude. Akasema ni kazi ya kunywa chai.

Kisha tukafungua dashibodi.

Baba, waya zote ni nyeusi. Za taa nyeusi, za honi nyeusi, za swichi nyeusi, za kufuta kioo nyeusi, na zote umezifunga pamoja kwa utepe mweusi. Shoti alikaa chini. Aliniuliza kama yule aliyezifunga alikuwa anamchukia mtu. Ndipo nikalikumbuka lile bunda moja la waya nyeusi ulilolipata kwenye mnada, ukalisifia wiki nzima, ukasema rangi ni za watu wasiokumbuka.

Tukikosea waya tutakiunguza kidude, na sina kingine. Basi nakuuliza wewe uliyezisuka: waya ipi? Niandikie mstari mmoja tu, hata bila salamu. Sikuombi msamaha, nakuomba waya. Kwa sasa mashuka nayasukuma kwa mkokoteni, naondoka kabla jua halijatoka, na metroni ananitazama dirishani. Amenivumilia mpaka mwisho wa mwezi.

Mwanao bado

*

4 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sijui kama u mzima maana hukujibu. Kaka anasema unakula na unalala. Basi u mzima wa kutosha kuandika mstari mmoja.

Nilingoja. Kila basi lenu likiingia nilikwenda kumsumbua dereva anayetubebea barua, mpaka akawa akiniona anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Baadaye nikaacha kwenda. Ukitaka kuninyamazia, ninyamazie, lakini ujue umenisaidia. Ulisema sina subira. Ni kweli, ila hasira ninayo, na hasira nayo inaweza kukaa kitako ikafanya kazi.

Nilichukua taa ya kupimia umeme. Shoti alinionyesha mara moja jinsi ya kuitumia, akaenda zake kwenye kazi za watu. Nikalala chali kwenye sakafu ya gari, miguu nje ya mlango, nikaanza waya moja moja. Kila niliyoitambua niliifunga kitambaa. Metroni alinipa mashuka yaliyochakaa na kitambaa cha kijani cha chumba cha upasuaji, na chekundu nilikikata kwenye kilemba changu. Kijani ni taa. Nyeupe ni honi na vifuta kioo. Jumapili mbili nilikuwa humo ndani, nikitoka nikila nikirudi, na watoto wa jirani wakadhani nimehamia. Waya niliyokuwa naitafuta ulikuwa umeipitisha nyuma ya ile redio isiyoimba, ukaizungusha mara mbili bila sababu yoyote ninayoijua. Hiyo ndiyo nimeifunga nyekundu. Sasa nyuma ya dashibodi pamekuwa kama kamba ya kuanikia nguo.

Nikaunganisha, nikapiga stata, likawaka. Nikaachia ufunguo. Nikaondoa na mkono kabisa, nikaukalia. Likaendelea kunguruma. Nikashuka nikalimwagia ndoo nzima ya maji juu ya injini, makusudi, kwa niaba ya mvua zote zilizowahi kuniaibisha, na bado likanguruma. La mkuu nililisikia, baba, sikulifuata tu, na guu langu hili hapa zima.

Mkokoteni nimeurudisha kwa mwenyewe. Metroni alipoona gari langoni alisema, "Kumbe linaweza." Kwake yeye huo ni wimbo.

Sasa la mwisho, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Jana kaka alikuja na yule mnunuzi. Akasema umekubali. Mnunuzi akalizunguka gari akiligonga mabati kama anachagua tikiti maji. Nilikuwa nimeshapakia. Nikamwambia kaka kwamba kadi iko kwa baba, ufunguo uko kwangu, na mashuka yanangojwa. Nikaingia, nikaliwasha kwa mguso mmoja, nikawaacha wamesimama barabarani.

Kama ni kweli umekubali, njoo ulichukue mwenyewe. Sitampa kaka, sitampa mnunuzi, na ukituma barua sitaifungua. Ukitaka kuninyang'anya, ninyang'anye uso kwa uso.

Mwanao

*

15 Aprili

Binti yangu,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Mimi mzima. Umeandika hutafungua barua yangu, lakini wewe nimekulea mimi, umeshaifungua.

Sikukubali. Kaka yako alipouliza nilinyamaza, akaokota maana aliyoitaka. Siku hizi nikinyamaza kila mtu hapa anafanya hivyo, mpaka kwenye chakula. Nimemwambia mezani, mbele ya mkewe, kwamba gari haliuzwi. Akasema baba umepandwa na presha. Nikamwambia presha ni yangu, nitaipandisha ninapotaka.

Sasa nikueleze kwa nini sikujibu. Haikuwa hasira. Hasira ilikuwepo, ila ilikwisha nilipofika kwenye mkokoteni katika barua yako. Nilishika kalamu palepale. Nilitaka kukuandikia mstari mmoja wa kukutia aibu, kwamba waya ni ile, jinga wewe, mtoto mdogo angeiona. Nikafumba macho niione. Dashibodi nikaiona, na ufa wake. Nyuma yake sikuona kitu. Nikachora betri, nikachora swichi, nikachora koili, na katikati karatasi ikabaki nyeupe. Kesho yake nikajaribu kuanzia kwenye taa, kwa kuwa naamini nilianzia kwenye taa. Hata hilo sina hakika nalo. Nilichora nikachana, nikachora nikachana, mpaka mke wa kaka yako akauliza kama natengeneza vishada. Nilidhani kiharusi kilichukua mkono peke yake.

Ningekuandikia kwamba nimesahau, ungenihurumia, na huruma huku nalishwa mara tatu kwa siku. Ningekutajia waya yoyote ile, ungekiunguza kidude chako, nami ningebaki fundi. Wazo hilo lilinijia, na sitakuficha kwamba lilikaa kidogo. Ndiyo maana nikanyamaza. Niliona heri unichukie kuliko unionee huruma. Iliniuma, mama. Bado inauma.

Usianze kulia, nakujua. Mimi sijashindwa. Daktari anasema niache kujisumbua, kaka yako anasema nipumzike, mkewe ananiita mzee kaa, mzee kaa, utafikiri ndilo jina langu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na hii nimeichoka. Leo nimetembea mwenyewe mpaka stendi kukata tiketi. Nilipumzika kwenye kila kona na sikumwambia mtu. Watajua nikishabeba begi.

Jumamosi mchana nitashuka huko. Kadi ninayo mfukoni, na Jumatatu tunakwenda ofisini kuandika jina lako. Hicho kidude bado sikipendi. Weka zile platini chini ya kiti, pamoja na kiberiti, siku kitakapokata roho utanishukuru. Nami nitakaa kwenye chumba chako siku nitakazotaka, na mpira wa mazoezi nisiuone. Vitambaa utanionyesha kimoja kimoja, polepole, na kila asubuhi uniulize. Nikikosea, usicheke mbele ya Shoti.

Njoo stendi na gari, uendeshe wewe. Mimi nitakaa upande wa abiria. Tangu nilinunue sijawahi kuukalia, sijui hata kama dirisha lake linafunguka.

Baba yako