Kichwa cha Gitaa la Zuhurah

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo kidogo cha polisi, upande wa soko, Koboko
Alhamisi, tarehe 18 Septemba 2025, saa sita na nusu mchana

Jina: Onzima Jude. Umri: miaka 41. Kazi: fundi wa spika na amplifaya, magitaa nimejifundisha mwenyewe. Makazi: Arua, nyuma ya soko kuu.

Mbele ya Serikali, na mbele ya yeyote atakayefungua faili hili hata baada ya miaka mia, natamka rasmi kwamba kichwa kinachotafutwa kilikuwa cha mbao. Urefu wake ulikuwa sentimita kumi na saba. Nilikikata mimi mwenyewe kwa msumeno, nikiwa na akili timamu, tarehe 2 Agosti, na kesho yake nikakifanya kuni ya kuchemshia chai. Chai ilikuwa ya kawaida.

Mwanzoni niliandikwa mshukiwa. Sajini Lado, anayechukua maelezo yangu haya, amelikata neno hilo na kuweka shahidi, kwa sababu mshukiwa lazima awe na kosa. Shahidi anaweza kuwa na chochote.

Zuhurah binti Muzamili namfahamu tangu Januari 2022. Alikuwa akipiga gitaa katika bendi iliyotumbuiza kila Jumamosi kwenye bustani ya hoteli moja Arua, na mimi nilitunza spika zao. Kabla ya wimbo wa kwanza aligusa uzi mnene mara moja, kisha akanitazama. Mimi niliinamisha kichwa, maana yake sauti iko. Basi. Kwa miaka miwili na ushee hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, na sikumbuki tukikosana.

Mwezi Mei 2024 alianguka kutoka kwenye boda huko Ajia, akavunjika bega la kushoto. Lilipona, lakini halikukubali tena mkanda wa gitaa. Akahamia hapa Koboko kwa shangazi yake, Hadijah, anayeuza vitenge. Siku ya kuondoka alipita kibandani kwangu kurudisha waya wangu. Nilimwambia gitaa jepesi linawezekana. Akacheka, akasema, "Fundi, siku utatengeneza gitaa ya uzito ya kuku, mimi nitapiga."

Sajini ameuliza kama ile ilikuwa ahadi au utani. Nimejibu kwamba mimi nilikwenda kupima kuku.

Mindra, muuza kuku wa Arua, alinipimia kuku kumi na mmoja. "Wewe iko unanunua ama unaoa?" akaniuliza. Nikamwambia aendelee kupima. Zuhurah hakutaja ni kuku gani, kwa hiyo nilichukua jogoo mkubwa kuliko wote: kilo mbili na robo.

Gitaa langu la kwanza lilikuwa na kilo mbili na nusu na zaidi. Gitaa la kawaida lina mwili, shingo na kichwa. Kichwani ndiko kwenye vigingi vya kukazia nyuzi, na uzito wake huivuta shingo chini. Bega ndilo linalobeba ugomvi huo. Nikakiondoa kichwa. Nyuzi nimezikazia mkiani kwa vile vidude vya kukazia waya wa breki ya baiskeli, sita, kutoka baiskeli tatu. Mwili ni mbao nyepesi ya mti wa musizi, na ndani nimeuchimba vyumba kama nyumba ya mchwa. Mkanda haupiti begani. Unazunguka kiunoni, kama mama anavyofunga mtoto. Sumaku za kunasa sauti nimezizungushia waya wa feni iliyokufa, mizunguko elfu saba, kwa cherehani ya dada yangu Annet. Nilipofika elfu nne Annet aliniuliza nitakula nini, hesabu ikanitoka, nikaanza upya. Sikukasirika. Katika kazi ile mtu anapata muda wa kumfikiria mtu.

Nimemwomba Sajini aliache hilo la mwisho. Ameliandika.

Jumanne tarehe 16 Septemba, saa tatu asubuhi, nilimtumia Zuhurah ujumbe wa sauti kwenye simu. Sajini ameusikiliza mara tatu: "Zuhurah, ile kazi imeisha. Kichwa nimekata, sasa iko rahisi kubeba. Mwili imekauka vizuri. Shingo nitatoa, nifunge kando. Nitaleta yote Alhamisi. Usiambie mutu." Maneno ya mwisho yalikuwa kwa ajili ya mafundi wenzangu. Wanaiga.

Zuhurah alikuwa ameiacha simu dukani. Hadijah, ambaye masikio yake yamechoka, alidhani ni mteja, akaufungua ujumbe kwa sauti ya juu kabisa. Mama Poni alikuwa hapo akichagua kitenge. Alikiacha kitenge, akaja hapa kituoni.

Leo saa nne na dakika ishirini asubuhi nilishuka basi nikiwa na begi. Askari wawili walikuwa wananisubiri.

"Kwa begi iko nini?"

"Mwili na shingo, afande."

"Ya nani?"

"Ya Zuhurah."

"Na kichwa?"

"Nilichemsha na yeye chai."

Mmoja alirudi nyuma hatua mbili. Nilisema kweli tupu, na nakiri kwamba kweli tupu haikunisaidia.

Hapa kituoni walimpigia Zuhurah, kupitia simu ya shangazi, kuhakikisha kwamba yuko hai. Nilimsikia akijibu, "Niko." Sauti ile sikuwa nimeisikia kwa mwaka na miezi minne, ujumbe wangu alikuwa akiujibu kwa maandishi. Nilimwomba askari arudie swali. Alikataa.

Sajini ameuliza kwa nini sikuja Koboko muda wote huo, na mabasi yapo kila siku. Sikuwa na sababu ya kuja. Nilikuwa naitengeneza.

Bendi inaanza tena Jumamosi ya wiki ijayo. Nafasi ya Zuhurah bado iko wazi, lakini kuna mtu wa Omugo anayeisubiri, na bendi inataka jibu leo jioni. Naomba gitaa lisifungiwe kabatini kama kielelezo. Naomba Zuhurah alijaribu, akubali au akatae. Akikataa nitarudi nalo mwenyewe. Ni jepesi.

Nimesomewa niliyoyasema na nimeyakubali. Mahali pengine Sajini ameandika gitaa na mahali pengine kuku. Yote mawili ni sahihi.

Sahihi: Onzima J.

Ofisa aliyeandika, mimi Sajini Lado, naongeza: Begi lilifunguliwa mbele yangu. Lina mwili mmoja na shingo moja, vyote vya mbao, na amplifaya ndogo. Gitaa lilipimwa kwa mizani ya muuza nyanya jirani: kilo mbili na gramu mia moja. Hakuna kosa. Bi Zuhurah alifika saa saba na robo, akasema, "Fundi, kumbe kuku imefika." Shahidi aliunga shingo. Bi Zuhurah alijifunga mkanda kiunoni mwenyewe na hakulalamikia bega. Amplifaya iliwekwa kwenye kaunta, ikachomekwa ukutani. Aligusa uzi mnene mara moja, akamtazama shahidi. Shahidi aliinamisha kichwa.

Kituo hakina umeme tangu Jumatatu.