Kwa Mama Victoire Feza Kalunga, Aliyevua Samaki Bila Mtumbwi

Mwaka umetimia, Mama, tangu tulipokuaga, na ile ndoo yako ya rangi bado iko palepale kwenye soko la Yeoville, hapa Johannesburg, imepinduliwa kama ulivyoiacha, wala hakuna aliyethubutu kuikalia. Juzi mteja mmoja mgeni alitaka kupumzisha miguu hapo. Wanawake wa meza za jirani walimpigia kelele mpaka akaomba radhi bila kujua kosa lake.

Mimi Chloé, binti yako, ndiye ninayeandika kwa niaba ya wote, maana dada Héritière yuko Kanada, na mjomba Ignace anasema macho yake yamegombana na herufi ndogo. Nikikosea, nigombeze mimi. Ulijua kugombeza, Mama. Mtu alitoka kwako amegombezwa, ameshiba, na mkononi ana kifurushi cha ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwa la kwetu.

Kila aliyeshuka kwenye basi kutoka Lubumbashi au Bujumbura, akiwa na mfuko mmoja na namba ya simu isiyopokelewa, alielekezwa kwako. Hukuuliza karatasi wala kabila. Uliuliza, "Umekula?" Mengine yalifuata baadaye, na mara nyingi aliyekula kwako alilala kwetu, sisi tukahamia sakafuni. Tulinung'unika. Leo baadhi ya waliolala kwenye vitanda vyetu ndio waliobeba jeneza lako.

Na watoto wa mtaa waliokujibu kwa Kiingereza uliwapelekea samaki mkavu hadi puani, ukawaambia, "Huyu hasikii Kiingereza, mwambie kwa Kiswahili." Walikimbia wakicheka, halafu wakarudi, na sasa wanakiongea, ingawa kwa kuchanganya.

Nguo zetu za kanisani zilinuka samaki, tukakulalamikia sana. Siku hizi nikipita karibu na meza ya ndagala machozi yananitoka mbele za watu, wala sifichi.

Lakini leo hatukuja kulia. Tumekuja kutangaza ushindi wako, kwa sababu umekamilika mwezi huu, na wewe hukuwepo kuusikia.

Wasiokujua wajue kwanza hili. Ulizaliwa Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika, kwa baba mwenye mtumbwi. Wanaume waliingia majini. Wanawake walisubiri ufuoni, wanunue, waanike, wauze. Mwanamke hakupanda mtumbwi wa uvuvi, ilisemekana samaki watakimbia. Siku moja, ukiwa msichana mdogo, uliingia kwenye mtumbwi wa babu, ukakaa mbele kabisa, ukashika mshipi. Kaka yako mkubwa Ignace akakutoa kwa kukuvuta mkono, ufuo mzima ukicheka.

"Weye utauza," alikwambia. "Kuvua ni kazi yetu."

Uliuza kweli. Uliuza Kalemie, na vita vilipotutawanya na kutuleta huku, ukauza Yeoville. Mjomba akawa mlinzi kwenye maduka ya Kensington, akapanga chumba Bertrams, na ziwa likabaki mbali kwenu nyote wawili. Ila kesi yenu haikubaki nyuma. Kila Jumapili baada ya misa, sahani ya ugali ikiwa katikati, uliifungua upya.

"Yaya Ignace," ulimwita hivyo kwa heshima ya ukubwa wake, "mimi ni nani?"

"Dada yangu."

"Na nini tena?"

"Muuza samaki. Hakuna anayekushinda."

"Na nini tena?"

"Feza, kula. Chakula kinapoa."

Sisi tulicheka kila mara. Wewe hukucheka, Mama, na mimi nilikuona. Ulitaka neno moja tu litoke kinywani mwa kaka yako, neno mvuvi, naye alilibana kama mtu anayeficha sukari kwa watoto. Hoja yake ilikuwa ileile: mvuvi ni aliyemtoa samaki ziwani kwa mkono wake, na kwa kuwa mwanamke hapandi mtumbwi, basi mazungumzo yamekwisha.

Kisha Héritière akajifungua Exaucé huko kaskazini mwa Kanada, ukaenda kumlea mjukuu. Ulitupigia simu ukasema baridi ya kule si baridi, ni ugomvi. Baada ya siku chache Joël, mkweo, akakuchukua kwa gari mkatembee. Mkapita kando ya uwanja mkubwa mweupe, mkubwa kuliko viwanja vyote vya mpira ulivyowahi kuona, na katikati yake watu wamekaa juu ya ndoo.

"Joël, wale wanauza nini?"

"Hawauzi, Mama. Wanavua. Lile ni ziwa, limeganda."

"Wanawake pia wanavua?"

"Yeyote anayetaka."

"Na mitumbwi yao iko wapi?"

"Mtumbwi wa nini, Mama? Wanatembea tu mpaka katikati."

Joël anasema mlipofika nyumbani hukuvua hata viatu. Hapo ndipo ulipotangaza kwamba Jumapili utakwenda kuvua. Héritière alikataa katakata, akakukumbusha moyo wako na maneno ya daktari.

"Moyo huu unasubiri tangu Kalemie," ulimjibu. "Unataka usubiri nini tena?"

Ulikwenda umevaa koti la Joël, na juu ya koti ukajifunga lile blanketi la Kisotho ulilonunua hapa mjini. Baadaye uliniambia peke yangu kwamba hatua za kwanza ulizipiga huku unasali. Barafu ilinguruma chini yenu, mngurumo mrefu ulioanzia upande mmoja wa ziwa ukaishia mwingine, na Joël mwenyewe akasimama. Wewe ulifanya ishara ya msalaba, ukampita, ukatangulia.

Joël akatoboa barafu kwa keekee kubwa ya kuzungusha kwa mikono, maji meusi yakapanda. Akakupa kijiko kipana chenye matundu cha kuopolea vipande vya barafu vinavyoelea. Ukacheka mpaka wavuvi wengine wakageuka, maana kilikuwa sawa kabisa na kile unachotolea maandazi kwenye mafuta. Kisha akapindua ndoo, akakukaribisha. Hapo ulikuwa kwako, Mama. Ulikaa kama unavyokaa sokoni, mshipi ukiwa kidoleni, ukasema mpigie yaya.

Huku Bertrams jua lilikuwa linachoma. Uwanja wa Ellis Park ulikuwa na mechi, kelele zinaingia dirishani, mjomba amevaa singlendi anajipepea na kifuniko cha sufuria. Nikamshikia simu. Ukageuza kamera ikaangalia chini.

"Yaya, tazama miguu yangu. Niko wapi?"

"Kwenye maji meupe. Eish, Feza! Toka hapo, hiyo kintu itapasuka!"

"Niko katikati ya ziwa, yaya. Sasa nionyeshe mtumbwi. Uko wapi?"

Mjomba alisogeza simu karibu na pua, akatafuta. Naapa alitafuta kweli.

"Siuoni," akasema mwishowe.

"Basi na sheria yenu siioni."

Hapohapo mshipi ukavutwa. Simu ikaanguka kwenye theluji, tukabaki tunatazama mbingu ya kijivu na ncha ya blanketi lako, huku tunasikia kila kitu. Joël alitaka kukusaidia. Ukamwambia akigusa mshipi ule utamrudisha kwao Uvira kwa miguu. Na mjomba, mjomba yuleyule, alisimama katikati ya chumba, singlendi imelowa, akaanza kupiga kelele.

"Mpe mshipi! Usivute kwanza! Acha akimbie, atachoka! Sasa! Sasa kusanya!"

"Najua!" ulimjibu kutoka Kanada.

Samaki alikuwa mkubwa, na tundu lilikuwa jembamba. Kichwa kilikwama ukingoni, kikarudi chini, ukamleta tena, kikakwama tena. Ukavua glavu. Ukapiga magoti kwenye barafu, ukatia mkono ndani ya maji yale, ukamgeuza kichwa, ukamtoa. Tulisikia anavyojipigapiga kwenye theluji, kisha tukasikia vigelegele vyako. Joël anasema ziwa lile halikuwahi kusikia kigelegele, na watu wa mbali walisimama juu ya ndoo zao kuangalia kumetokea nini.

Joël aliokota simu, tukakuona. Samaki mrefu mwenye mdomo kama wa bata na meno kama ya mbwa, amelala mapajani mwako. Mkono umekuwa mwekundu. Uso wako, Mama! Sijawahi kuuona uso ule kabla, hata siku tulipopata makaratasi ya kuishi huku.

"Yaya, mimi ni nani?"

Mjomba alijifuta jasho, akakaa. "Bahati," akasema. "Hata mtoto anapata bahati."

Nilimkasirikia. Wewe ulicheka tu, ukarudi ziwani Jumapili iliyofuata, na nyingine, ukaendelea kuwatoa samaki mpaka jirani zake Joël wakawa wanakuja kuuliza umekaa upande gani. Uliporudi Johannesburg ulibandika picha ya yule wa kwanza juu ya meza yako, na wateja walisikia habari zake hata wakiwa na haraka. Jumapili uliendelea kuuliza, naye aliendelea kusema chakula kinapoa. Ukatuacha bila kulisikia lile neno. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Sasa sikia. Jumamosi hii tunafunua jiwe la kaburi lako. Tulikuwa tumepanga liandikwe mama, bibi na mkarimu wa wageni. Mjomba alikuja na taksi kwa fundi wa mawe kukagua, akaniomba nimsomee maneno. Nikamsomea.

"Kazi yake mmeiacha," akasema.

Nikamwambia tutaongeza mfanyabiashara.

"Mfanyabiashara wa nini? Andika mvuvi." Fundi akaniangalia, mimi nikaangalia chini. Mjomba akagonga jiwe kwa fimbo. "Miye nimevua toka utoto, lakini nilikaa juu ya mbao. Yeye alisimama juu ya ziwa lenyewe. Andika mvuvi, na uweke juu, herufi kubwa, nisome bila miwani."

Limeandikwa, Mama. Nimepitisha kidole kwenye kila herufi. Umeshinda, na aliyekutoa mtumbwini ndiye aliyekupa hukumu.

Jumamosi tutaibeba na ndoo yako, tuipindue pale pale kando ya jiwe, na mjomba amesema ataikalia yeye.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu, sisi binti zako Chloé na Héritière, mkweo Joël, mjukuu wako Exaucé, ambaye sasa anakimbia juu ya barafu bila woga, wanawake wote wa soko la Yeoville, na kaka yako mkubwa, Ignace Kalunga, mvuvi mwenzako.