Sauti ya Mama Imeingia Uwanjani

Jumapili. Mvua imenyesha tangu asubuhi, imekatika saa nane, na ziwa limekuwa na rangi ya chai ya maziwa kwa udongo ulioshushwa na mito. Moyo wangu nao umechafuka vilevile.

Mama amekuja kutoka kijijini Kiringye, bondeni, kwa pikipiki, na mfuko wa mchele mapajani, kuja kusikiliza sauti yake ndani ya mchezo wetu. Asubuhi niliomba barabara ya bonde isipitike. Sikujua kwamba mtu anaweza kuomba mama yake asifike. Barabara ilipitika.

Niandike kwa mpangilio, maana kichwa kimejaa.

Mimi na Zawadi tunatengeneza michezo ya simu katika chumba kimoja cha nyumba yangu hapa Kimanga, juu ya duka la misumari. Mchezo uliotupa jina ni wa mpira, Goli Kimanga: wachezaji wako pekupeku mchangani, na ndala ndizo nguzo za goli. Watu waliupenda, na sisi tukafurahi sana. Kampuni ya Kinshasa inayousambaza ikaomba wa pili, kisha wa tatu. Kufikia wa nne nilikuwa nabadilisha jezi na namba tu. Zawadi akaanza kunitania kwamba mimi si mtengeneza michezo, ni fundi cherehani.

Zamani nilizicheka kampuni kubwa za ng'ambo zinazouza mpira uleule kila mwaka, vita vilevile, shujaa yuleyule aliyenyolewa upya. Nilisema hawana aibu. Nilikuwa bado sijakaa kungoja jibu la kampuni.

Kwa hiyo kwa miaka miwili, pembeni ya mpira, tukatengeneza Mpunga. Ndani yake wewe ni mwanamke mwenye shamba bondeni, mpunga umeanza kukomaa, na ndege wanashuka. Huna jiwe, huna manati, una sauti yako tu. Ukipiga kelele ovyo, sauti inakauka na ndege wanakuzoea. Lazima ujue wakati wa kunyamaza. Zawadi alichora kila ndege peke yake, hakuna wawili wanaofanana.

Na sauti ni ya mama. Msimu uliopita nilimfuata shambani na simu, nikamrekodi akifukuza ndege wa kweli: "Toka! Toka mu mupunga yangu, weye!" Nilimwambia arudie mara nyingi mpaka jirani akauliza kama ndege wa mwaka huu ni viziwi. Mama alicheka, akaendelea kuita.

Alhamisi kampuni ilipiga simu. Yule mwanamke tunayezungumza naye huko ni mtu mwema, hilo siwezi kumnyima. Alikuwa amecheza Mpunga mpaka mwisho. Alisema ni mzuri, kisha akavuta pumzi. Mwaka jana walitoa mchezo mpya wa watu wengine, haukuchezwa, na wale walioutetea ofisini hawapo tena kazini. Mashabiki wanataka Goli Kimanga namba tano. Mpunga uwekwe kando. Ila ile sauti ya mwanamke wameipenda, wanaomba iwe ya mashabiki wa uwanjani ndani ya namba tano.

Nilisema ndiyo. Zawadi alikuwa ameketi kando yangu, na nilisema ndiyo bila kumtazama.

Ningependa kuandika kwamba nililazimishwa. Lakini tulipoupeleka Mpunga kwenye chumba cha michezo cha hapa mtaani, vijana waliuchezacheza, kisha wakauliza mpira unatokea wapi. Na mimi mwenyewe, nikichoka, sifungui Mpunga. Nafungua Goli, kwa sababu vidole vimeshauzoea na sina haja ya kufikiri.

Niliogopa.

Ijumaa nikaikata sauti kwa mkono wangu. "Mu mupunga yangu, weye" nikaiondoa, ikabaki "Toka!" peke yake. Nikairudufu ikawa ya uwanja mzima. Sasa mchezaji akikosa goli, umati wote unamwambia atoke. Imependeza, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Zawadi aliisikia mara moja, akavaa spika zake masikioni, na tangu hapo tunazungumza mambo ya kazi tu.

Mama hakujua lolote. Alikuwa amewatangazia Kiringye nzima kwamba shamba lake limeingia kwenye simu. Leo alikaa kwenye kiti changu akiwa bado na kitambaa chake cha kanisani, Zawadi akamletea chai, kisha akasimama mlangoni. Nilifikiri nimfungulie Mpunga tu kwenye kompyuta, arudi nyumbani na furaha yake. Lakini angeniuliza kila juma ni lini majirani wataupata. Nikamwekea mkononi simu yenye namba tano ya majaribio, ambayo ni namba nne yenye jezi mpya, nikapiga penalti kwa kidole changu, nikakosa.

Uwanja ukalia.

Alijitambua papo hapo.

"Ni minye?"

"Ni weye, mama."

"Na mupunga iko wapi?"

Nikamwambia kampuni imesema tuanze na mpira kwanza. Hilo neno "kwanza" nililiongeza mimi. Zawadi aliangalia chini.

Mama akaniambia nirudie. Nikakosa penalti nyingine, naye akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza ndege kabla hawajatua.

"Minye nilikuwa nafukuza ndege, Amani. Ndege iko naiba. Huyu mutoto ameiba nini?"

Nikasema hajaiba, amekosa goli tu.

"Basi minye simufukuze," akasema, akanirudishia simu.

Hakukasirika. Angekasirika ningejitetea, ningemweleza habari za soko na za kampuni, pengine hata mimi ningeyaamini. Alimaliza chai, akauliza sufuria iko wapi.

Zawadi alichukua mwavuli akaondoka. Hakusema tutaonana kesho, ingawa tutaonana.

Sasa ni saa kumi na moja. Mama yuko jikoni anapika mchele wake mwenyewe kwenye nyumba yangu. Huwa anaimba akipika. Leo nasikia kijiko na sufuria tu.

Nina huzuni, na nina aibu, na sioni nitakavyogeuza lolote, kwa sababu wiki ijayo nikiulizwa tena nadhani nitasema ndiyo tena.

Hata namba tano haijatoka, na kampuni imeshaandika: kesho asubuhi wanataka kusikia mawazo yetu kuhusu Goli Kimanga namba sita. Wengine kesho watapata siku nyingine. Mimi nitapata ileile, imeongezwa namba.